Vipuri vya Chombo Kikuukuu

Juma lililopita alinijia kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa redio, uso umemkunjamana. Oskiloskopu yake kuukuu, chombo kionyeshacho mawimbi ya umeme juu ya kioo mfano wa televisheni ndogo, ilikuwa imezimika, na pasipo chombo hicho kazi yake imesimama. Wenziwe walimshauri aiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Akaniuliza: je, vipuri vya mtambo uliotengenezwa kabla hajazaliwa vyapatikana?

Vingi vyapatikana, vichache ni adimu, na busara ya fundi ni kuvitofautisha.

Tuchukue mfano wa Tektronix 465, iliyotolewa Marekani mwaka 1972. Kitabu chake cha ufundi kina michoro yote na orodha ya vipuri, kila kimoja na namba yake ya kiwandani. Namba hizo huwatisha wengi, kumbe aghalabu ni vazi tu. Mathalani, 151-0190-00 si kingine ila transista 2N3904, ambayo hata leo yauzwa kwa bei nafuu. Basi tafuta kitabu kwanza, duka baadaye.

Pili, pima kabla ya kununua. Katika vyombo vya umri huo, kapasita ndizo huchakaa mapema: zenye majimaji ndani hukauka, na za tantali hupiga shoti. Moja tu ikipiga shoti yaweza kuangusha umeme wa chombo kizima. Ya kubadilishia iwe na mikrofaradi zile zile, na volti zisizopungua za awali; wala usigeuze chanya na hasi.

Vilivyo adimu ni kioo chenyewe na zile chipu ambazo kiwanda kilijitengenezea. Hivyo hupatikana zaidi katika chombo kingine cha aina ile ile kilichokufa. Kwa hiyo usidharau mzoga: mmoja humfufua mwenziwe.

Lakini nakusihi, ndugu yangu, uhai hauna kipuri. Ndani ya kioo hicho mna volti zaidi ya 10,000, nazo zaweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Asiyejua kuziondoa asifungue. Ajuaye asifanye kazi peke yake, na watoto wakae mbali.

Jana kijana yule alirudi akitabasamu. Ilikuwa kapasita moja, na bei yake haikufikia nauli ya basi ya kwenda kuinunua. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kabla hujakitupa cha zamani, kipime.