Tuambieni kabla hatujauza ng'ombe

Mtu akirudi na bahasha ya kaki yenye barua ya rufaa ya Dar es Salaam, huku kijijini kwetu Masieda kikao cha ukoo hukaa jioni hiyo hiyo. Hakijadili saratani. Kinajadili ng'ombe: nani anao, yupi ana mimba asiguswe, mnada ni lini, dume lile liuzwe sasa au lisubiri bei ipande baada ya mavuno. Nilivihudhuria vikao hivyo nikiwa muuguzi wa zahanati, na sasa navihudhuria nikiwa bibi mstaafu anayeitwa kusoma karatasi, kwa kuwa miandiko ya madaktari niliizoea. Ndiyo maana nina neno na wataalamu wetu kuhusu saratani ya kongosho na vipimo vya damu vinavyotajwa sana siku hizi.

Neno lenyewe ni hili. Kwa watu wa vijijini, kipimo cha damu cha saratani hii kina faida kubwa pale kinapotusaidia kujua mgonjwa amebakiza muda gani, kuliko pale anapouziwa mtu asiyeumwa ili atafutiwe ugonjwa. Sisi tumeligeuza jambo kichwa chini. Kutafuta kunatangazwa mijini kwa mabango, kutabiri kunafungiwa ndani ya faili.

Kipimo chenyewe kinaitwa CA 19-9. Kinapima aina fulani ya sukari iliyoshikamana na protini, ambayo seli nyingi za saratani ya kongosho huimwaga kwenye damu. Waliofungua njia yake, mwaka 1979, ni kundi la Hilary Koprowski wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia. Huyo ndiye ambaye chanjo yake ya polio ya kunywa walipewa watu wa bonde la Ruzizi, Kongo, mwaka 1958, kwa hiyo si mgeni kabisa upande wetu wa dunia. Kawaida kipimo husoma chini ya 37. Kikizidi hapo, watu huanza kutazamana.

Sasa kuna vifurushi vya "kupima saratani zote" ambavyo vijana wetu walioko mjini huwanunulia wazazi kwa mapenzi mema. Baba anashuka kutoka Masieda, anakaa kwa mwanawe wiki moja, anatolewa damu, anapewa karatasi yenye safu ya namba. Ningependa vijana hao wajue kilichotokea Korea Kusini. Hospitali moja ya Seoul iliwapima watu 70,940 wasio na dalili yoyote, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Waliozidi 37 walikuwa 1,063. Kati ya hao, wenye saratani ya kongosho walikuwa wanne. Baadhi ya waliobaki walikutwa na maradhi mengine, lakini wengi walitishwa bure. Hao wa Seoul wana hospitali mtaa wa pili. Wa kwetu, kila namba iliyozidi ni nauli, ni siti skani, ni mifugo.

Na kuna lingine ambalo wauza vifurushi hawalisemi. Mwili hutengeneza CA 19-9 kwa kutumia kimeng'enya kile kile kinacholipa umbo kundi la damu la Lewis, kundi ambalo Arthur Mourant wa Uingereza alilieleza mwaka 1946. Asiye na kimeng'enya hicho anaweza kuwa na uvimbe mkubwa kwenye kongosho na kipimo kikasoma karibu na sifuri. Kwa Wazungu, watu wasio na kundi la Lewis ni kama 6 katika 100. Kwa Weusi wa Marekani, vitabu vya benki za damu vinataja 22 katika 100. Sisi Wairaqw, pamoja na jirani zetu Wadatoga na Wahadzabe wa bonde la Yaeda, sioni sababu ya kudhani kwamba katika jambo hili tunafanana zaidi na watu wa Oslo. Maana yake ni kwamba huenda tunauziwa kipimo ambacho kwa wengi wetu hakina macho kabisa, na mzee anarudi nyumbani akishukuru Mungu huku kitu kinamkua tumboni.

Je, tusitafute ugonjwa mapema? Tutafute, ila tuanzie kwenye viashiria ambavyo zahanati inavyo tayari. Mzee macho yamekuwa ya njano, mkojo mweusi, choo kimepauka, ngozi inamwasha usiku hadi anajikuna damu, na hana homa wala maumivu makali. Hapo mrija wa nyongo umezibwa. Kinachouziba kinaweza kuwa jiwe, kinaweza kuwa uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Mwaka 1890 Ludwig Courvoisier, daktari wa upasuaji wa Uswisi, aliandika kwamba ukigusa chini ya mbavu za kulia ukakuta kifuko cha nyongo kimejaa na hakiumi, kwa mtu mwenye manjano, usitegemee kwamba ni mawe. Vidole viwili, na kitanda cha zahanati. Badala yake mtu huyo kwetu hupewa dawa ya malaria kwanza, kisha anaambiwa ni homa ya ini, kisha anakwenda kwa mganga wa mitishamba ambaye naye humpa ya kutapisha nyongo, na miezi miwili imekwisha.

Wataalamu wa hospitali ya Bugando, Mwanza, wakiongozwa na Phillipo Chalya, walichapisha mwaka 2011 habari za wagonjwa 116 waliofika na manjano ya kuzibwa mrija wa nyongo. Katika sababu za saratani, iliyoongoza ilikuwa saratani ya kichwa cha kongosho. Kwa hiyo wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu wanene watafute hoja nyingine.

Kiashiria kingine ni kisukari kinachoanza uzeeni. Watafiti wa Mayo Clinic, Minnesota, walionyesha mwaka 2005 kwamba kati ya watu waliovuka miaka 50 na kukutwa na kisukari kwa mara ya kwanza, takriban mmoja katika 100 alikuja kuonekana na saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu. Mmoja katika 100 si wa kumkimbiza kila mtu Dar es Salaam. Lakini mzee ambaye kisukari kimemwanza ghafla na wakati huo huo anakonda ingawa chakula anakula, huyo asipewe vidonge na kuambiwa apunguze wali. Apelekwe Haydom akafanyiwe altrasaundi. Hospitali ile ya Walutheri ipo tangu mwaka 1955, Wanorwe waliianzisha wakati njia ya kufika huko ilikuwa ya punda, na hadi leo ndiyo kimbilio letu.

Hayo yote ni ya kugundua, na hata tukiyafanya vizuri, ukweli wa saratani hii ni mchungu. Hata Marekani, penye kila mashine, ni kama 13 tu katika 100 wanaofikisha miaka mitano baada ya kugunduliwa. Wagonjwa wanaokutwa bado wanafaa kupasuliwa ni wachache, pengine 15 hadi 20 katika 100. Ndipo ninapofika kwenye kutabiri.

Namba za CA 19-9 zikisomwa wakati wake zinasema mengi. Mgonjwa aliyepasuliwa, namba ikishuka hadi kawaida, ana tumaini la maana. Ikibaki juu baada ya upasuaji, kuna ugonjwa uliobaki ambao jicho la daktari halikuuona. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa waliopasuliwa, na mwaka 2008 wakaonyesha kwamba waliobaki na zaidi ya 180 walitangulia mapema zaidi kuliko wenzao. Ila wakati wa kupima ni muhimu: nyongo ikiwa imeziba, namba hupanda hata kwa mtu mwenye jiwe tu, kwa hiyo inayopimwa kabla nyongo haijafunguliwa njia isiwe msingi wa hukumu yoyote. Nimeona karatasi zenye namba za kutisha zilizochukuliwa siku ambayo mgonjwa alikuwa wa njano tiii, na hakuna aliyeandika pembeni kwamba ipimwe tena.

Tena si lazima namba iwe ya bei kubwa. Albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, ikiwa chini sana, mgonjwa hana akiba ya kuhimili dawa kali. Picha kamili ya damu, ile ambayo hospitali nyingi za wilaya zinaifanya, hutoa hesabu ya aina mbili za chembe nyeupe, nyutrofili na limfosaiti. Za kwanza zikizidi za pili kwa mbali, tafiti nyingi zimeonyesha siku ni chache. Weka hayo pamoja na uzito uliopungua, na kama mgonjwa bado anatembea mwenyewe au analala mchana kutwa, na daktari mwenye uzoefu anaweza kuiambia familia kama wanazungumzia wiki, miezi au zaidi. Namba hizo ziko kwenye faili. Hatuambiwi.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, alipata manjano mwaka mmoja wakati wa kupalilia. Hospitali moja ya mjini, siitaji, ilimpima kila kitu na kumwandikia aende mbele kwa matibabu zaidi. Matibabu gani, yanampa nini, hakuna aliyesema. Kikao kikakaa, madume yakauzwa, kisha mitamba, kisha shamba la alizeti likakodishwa kwa misimu miwili. Vijana wawili walimsindikiza, wakalala kwa jamaa Mbagala, Dar es Salaam, wakipokezana. Alipokufa ndipo mjane alinipa ile bahasha nimsomee. Picha ya ini yenye madoa mengi, albumini ya chini, maneno ya daktari kwa Kiingereza kwamba ugonjwa umesambaa na hapasuliki. Tarehe ya karatasi ilikuwa ya kabla ya mnada.

Sisemi asingepelekwa. Huenda angetaka kwenda. Mwaka 2011 Wafaransa chini ya Thierry Conroy walichapisha kwamba wagonjwa ambao saratani hii imeshawaenea mwilini lakini bado wana nguvu, wakipewa mchanganyiko wa dawa nne, waliishi kwa wastani miezi 11.1, na waliopewa gemsitabini peke yake miezi 6.8. Miezi minne na siku kadhaa ni kitu. Mtu anaweza kumwona binti akiolewa, anaweza kugawa mashamba wanawe wasije wakapelekana barazani. Baba mwenye nguvu akisema nauzeni madume mawili niipate miezi hiyo, ni haki yake na mali ni yake. Ninachokataa ni mali kuuzwa kwa kununua kitu ambacho hakuna aliyetaja jina lake wala kipimo chake.

Kuna madaktari wataniambia kwamba desturi zetu haziruhusu kumtabiria mtu kifo, kwamba mgonjwa akiambiwa atakata tamaa. Wazee wa Kiiraqw niliowahudumia walikuwa wanajua kabla ya daktari. Waliita watoto, wakaulizia deni la fulani, wakaonyesha mpaka wa shamba. Waliokata tamaa niliowaona ni wale waliodanganywa kwamba watapona wakashangaa wanazidi kudhoofu. Na kama mgonjwa mwenyewe hataki kusikia, basi kuna mke, kuna kaka mkubwa, kuna mchungaji. Mtu wa kuambiwa hakosekani.

Wengine watasema namba ni za kundi, si za mtu. Ni kweli, na hilo nalo lisemwe. "Wagonjwa kama huyu wengi huishi hivi, wachache huzidi, Mungu ndiye ajuaye wa kwetu yuko upande gani." Mfugaji hilo halimsumbui. Kila mwaka anaamua kuuza au kutouza kwa kubahatisha mvua.

Bima haiwezi kutuokoa hapa kwa sasa. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliishia ngazi ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na tunaisubiri ifike hadi kwenye saratani ya mtu wa Masieda. Hadi hapo, anayelipa ni zizi.

Kwa hiyo naomba barua ya rufaa ya mgonjwa wa namna hii iongezwe aya moja ya Kiswahili, inayosema anakwenda kufanyiwa nini, kinatarajiwa kumpa muda gani, na asipokwenda atahudumiwaje nyumbani. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Asiyeweza kupasuliwa bado anaweza kuwekewa mrija wa kupitisha nyongo ili kuwashwa kukome, na bado anahitaji dawa ya maumivu, kwa sababu kongosho likiuma mgongoni hata mwanaume wa Kidatoga hulia. Mofini ya maji, ambayo hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wamekuwa wakiitengeneza na kuigawa kwa hospitali, ni ya bei nafuu kuliko kwato za ndama mmoja. Halmashauri ikikaa kupitisha bajeti ya dawa, diwani wetu aulize chupa hizo zinafika hospitali ipi, na nani amepewa ruhusa ya kuzitoa kwa mgonjwa anayerudi Masieda.