Msiba wa Mtikila na Ndimi Zetu

Mchungaji Christopher Mtikila, mwenyekiti wa chama cha DP, amefariki kwa ajali ya gari Jumapili, Oktoba 4, 2015, huku Chalinze, mkoani kwetu Pwani. Hatushangilii mauti, nasi tu njiani. Wala msiba haufuti ya majukwaani: aliwaita Watanzania wenye asili ya Kiasia “magabachori”, akawatenga na wenzao. Ila uadilifu, tulioamrishwa hata kwa tunaowachukia (al-Maida: 8), watutaka tukiri kuwa mwaka 2013, Mahakama ya Afrika, Arusha, ilimpa ushindi katika kudai haki ya mgombea binafsi.

Wazazi wa Kibaha na Kisarawe, hesabu yake iko kwa Mola. Letu ni neno lile: lisirithiwe na watoto wetu.