Acheni Kusema "Tairi ni Tairi"

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara wa mazao, leo siandiki juu ya viwavijeshi wala mbolea. Naandika juu ya tairi la pikipiki, na naandika nikiwa nimekasirika kidogo.

Najua kuna atakayeuliza: bwana shamba na tairi wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Huku kwetu zao haliishii shambani, linaishia sokoni, na kati ya shamba na soko kuna pikipiki. Mboga za Mgeta na za Lushoto zinashuka mlimani kwa pikipiki. Mbolea ya kukuzia inapanda kwa pikipiki. Mama mjamzito uchungu ukimkamata usiku, anapelekwa zahanati kwa pikipiki hiyo hiyo iliyobeba nyanya mchana. Hata sisi maafisa ugani serikali ilipotaka tuwafikie wakulima, mwaka 2022 ilitugawia pikipiki. Kwa hiyo tairi ni pembejeo kama mbegu na dawa. Sasa kwa nini mbegu tunachagua kwa makini, lakini tairi tunachukua lolote lililoning'inia mlangoni pa duka?

Ugonjwa wa tairi la spoti

Siku hizi vijana wengi wa bodaboda wanataka tairi pana, la duara, lenye mistari michache iliyopinda kama radi. Wanaliita tairi la spoti. Muuza spea naye analisifia: "Hili ndilo wanalotumia Ulaya."

Sawa, tuseme ukweli kuhusu Ulaya. Huko na Marekani kuna matairi ya pikipiki kubwa zinazosafiri mbali kwa mwendo mkali juu ya lami. Ni matairi mazuri kwa kazi yake. Mengi yana mpira mgumu katikati ili yasiishe upesi kwenye njia iliyonyooka, na mpira laini pembeni ili yashike barabara pikipiki inapolala kwenye kona. Mifereji yake imechorwa kutoa maji ya mvua juu ya lami. Saizi yake ya kawaida ni 120/70 mbele na 180/55 nyuma, rimu ya inchi 17. Saizi hiyo haiingii kabisa kwenye pikipiki yako ya cc 125 au 150. Unachouziwa wewe ni tairi dogo la lami lililochorwa lifanane na lile kubwa. Umenunua sura.

Hata lingekuwa lenyewe hasa, lisingekufaa. Mifereji yake ni mifupi na imebanana. Ukiingia kwenye mfinyanzi au udongo mweusi wa mbuga, tairi likizunguka mara moja tu mifereji yote imejaa. Kuanzia hapo hutembelei mpira tena, unatembelea tope juu ya tope. Kama hujaelewa, nenda katazame tairi la nyuma la trekta. Kashata zake ni nene na zimeachana. Zimeachana ili tairi linapozunguka tope lidondoke, na kashata ziume ardhi upya. Hiyo ndiyo kanuni, na haibadiliki kwa sababu chombo kina magurudumu mawili.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili. Wanafunga tairi la mashindano ya porini, lenye meno marefu kama msumeno, halafu kutwa nzima wanasafirisha abiria mjini. Kwenye lami ni vile vichwa vya meno tu vinavyogusa barabara. Tairi linaisha haraka, na lami ikilowa linateleza.

Kwa hiyo usiulize tairi gani ni zuri. Jiulize hivi: katika kilometa 10 ninazopita kila siku, ngapi ni lami na ngapi ni vumbi na tope? Ukiwa wa lami tupu, chukua tairi la lami na usione aibu. Ukiwa wa mchanganyiko, kama walivyo wengi wenu, chukua lenye kashata za wastani: katikati zimekaribiana ili ziende vizuri kwenye lami, pembeni zimeachana ili zitoe tope. Ukiwa wa mlimani na mabondeni, ambako lami unaiona siku ya mnada tu, chukua la kashata nene zilizoachana. Hakuna anayelimia jembe la palizi.

Soma ubavu wa tairi kama unavyosoma pakiti ya mbegu

Nimewafundisha kusoma lebo ya mbegu: jina, tarehe, mahali inapofaa. Tairi nalo lina lebo, imeandikwa ubavuni, tena haifutiki. Inama usome haya:

- Saizi. Ukiona 3.00-18, maana yake ni upana wa inchi 3 na rimu ya inchi 18. Ukiona 90/90-18, ni upana wa milimita 90, kimo asilimia 90 ya upana huo, na rimu ya inchi 18. Rimu ya 17 haivai tairi la 18. Fuata saizi iliyo kwenye kitabu cha pikipiki. Tairi pana kuliko rimu inavyotaka linaminywa, umbo linaharibika, na wakati mwingine linasugua mnyororo.
- Uzito. Baada ya saizi kuna namba na herufi, kwa mfano 47P au 52P. Namba 47 ina maana tairi hilo linabeba kilo 175. Namba 52 ni kilo 200. Herufi ni mwendo wa juu kabisa; P ni kilometa 150 kwa saa, ambao huku kijijini hauutaki wala huufikii. Wewe angalia namba.
- Tarehe. Tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa juani miaka mingi mlangoni pa duka ni jipya kwa jina tu. Likunje kidogo, ukiona nyufa nyembamba, mrudishie mwenyewe.
- TT au TL. TT linataka tyubu. TL limetengenezwa kwenda bila tyubu, lakini kwenye rimu ya kufaa tu. Rimu zetu za spoku zinapitisha upepo, kwa hiyo tyubu ni lazima.
- Mshale. Unaonyesha upande wa kuzunguka. Fundi akilifunga kinyume, mwambie alifungue.
- TWI. Ukiona alama hii ubavuni, panda nayo hadi kwenye mfereji. Utakuta kinundu kidogo. Kashata zikilingana na kinundu, tairi limekwisha. Kwa njia za tope, usisubiri hata lifike hapo.

Dakika tatu zinatosha kusoma yote hayo. Muuza spea akikasirika kwa sababu unasoma, hamia duka la jirani.

Hesabu ya gunia ambayo hatutaki kuipiga

Chukua tairi la nyuma lenye namba 47, yaani kilo 175. Pikipiki ina kilo kama 115, na zaidi ya nusu inakaa nyuma. Weka kilo 60. Dereva ana kilo 65. Kwa kuwa amesogezwa mbele na mzigo, weka kilo 45 kwa tairi la nyuma. Gunia la kilo 100 limekaa juu ya tairi lenyewe. Jumla ni kilo 205. Umeshazidisha kilo 30, na hapo gunia limepimwa kwa haki. Likiwa lumbesa je, ambalo Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele miaka nenda rudi? Na lile debe la nyongeza tunaloning'iniza ubavuni?

Tairi lililozidiwa linajikunja kila linapozunguka, linapata joto, nyuzi za ndani zinakatika, tyubu inaminywa na kutoboka. Halafu tunasema ni mkosi. Gunia likikaa nyuma ya ekseli linainua mbele pia, na tairi la mbele likiwa jepesi usukani hausikii.

Upepo nao tunaupima kwa kidole gumba. Kwa pikipiki nyingi za aina tunazotumia, mbele ni kama 25 kwenye geji, nyuma kama 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Thibitisha kwenye kibandiko au kitabu cha pikipiki yako, pima asubuhi tairi likiwa baridi, na usizidishe kiwango kilichoandikwa ubavuni. Wapo wanaojaza mpaka tairi linalia kama ngoma ili "libebe zaidi". Upepo hauongezi kilo zilizoandikwa ubavuni. Tairi gumu kupita kiasi linadunda juu ya mawe, spoku zinakatika, na nyanya zinafika sokoni zimepondeka chini ya tenga. Halafu unamlaumu dalali kwa bei mbaya.

Kipara mbele ni kujichimbia kaburi

Kuna desturi mbaya: tairi zuri linawekwa nyuma "kwa sababu ndiko mzigo uliko", na kipara kinahamishiwa mbele "kimalizie". Desturi hii ife. Ukikamata breki uzito unahamia mbele, na tairi la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa ya kukusimamisha na kukuongoza. La nyuma likiteleza, mara nyingi unawahi kuweka mguu chini. La mbele likiteleza, umeshaanguka kabla hujajua.

Na wale mafundi wanaochonga kashata kwenye kipara kwa kisu cha moto, huo si ufundi. Mpira uliobaki unalinda nyuzi za ndani. Ukiuchimba, unazikaribia nyuzi zenyewe. Tairi linaonekana jipya kwa macho, lakini ni jembamba kuliko jana. Anayemuuzia mwenzake tairi la namna hiyo hana tofauti na anayepaka mahindi rangi na kuyaita mbegu bora.

Nani anunue?

Hapa ndipo penye ugomvi, na sitapakwepa.

Kijana akianguka, kijiji kizima husema "hawa bodaboda wazembe". Wapo wazembe kweli. Lakini tuwaangalie na wengine. Bosi anapokea hesabu kila jioni, na kijana akimwambia tairi limekwisha anajibiwa "jitegemee, unakula na chombo". Kijana anatafuta lililo rahisi kuliko yote, au anachongesha. Likipasuka, bosi anadai pikipiki yake, na kijana anadaiwa hospitali. Huo si mkataba wa haki.

Na wewe mfanyabiashara, unapunguza nauli kwa shilingi 500 halafu unaongeza tenga la tatu. Unalipia safari lakini huinami kutazama kinachokanyaga ardhi. Mali ni yako. Unayo haki, na unao wajibu, wa kusema: "Kwa tairi hili, mzigo wangu haupandi."

Najua jibu: hela hakuna. Basi tupige hesabu ya mfano, nawe uweke bei za dukani kwako. Tuseme tairi la nyuma la maana ni shilingi 60,000 na linadumu miezi sita. La bei rahisi ni 35,000 na linadumu miezi mitatu. Kwa miezi sita, la rahisi limekula 70,000, bado hujahesabu pancha, hela ya fundi na siku ulizolala nyumbani. Lile la 60,000 gawanya kwa siku 180: ni kama shilingi 333 kwa siku. Nauli fupi moja tu inalilipia siku kadhaa.

Kwa hiyo napendekeza, bosi na kijana waandike kwenye mkataba wao: kila siku, kabla hesabu haijakabidhiwa, shilingi 500 inawekwa kando ya tairi na tyubu, na haiguswi kwa jambo lingine. Vikundi vya bodaboda na vya kuweka na kukopa vinaweza kuitunza. Kikundi kikinunua matairi kumi pamoja kinapata nguvu ya kupatana bei, kama tunavyofanya kwa mbolea.

Atakayesema haya ni mambo ya wenye pesa, nitamjibu hivi: mwenye pesa akianguka ana bima na gari la pili. Sisi ambao pikipiki moja inabeba mahindi, mtoto wa shule na mgonjwa, ndio tusioweza kumudu tairi bovu.

Kabla masika hayajaanza, inama utazame matairi yote mawili. Kisha ukimpata jirani yako barazani, mwonyeshe namna ya kusoma zile namba. Nawatakia msimu mwema, na mizigo ifike salama.