Maneno Nayo Yana Ukoo

Mtoto wa Butimba, kando ya Ziwa Victoria, hahitaji darasa ili amjue sato, sangara, furu na kamongo. Mwalo humfundisha, maana kila samaki ana bei yake na pishi lake. Kiingereza ndicho humjia kwa kishindo: shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, mara kidato cha kwanza baiolojia na historia zinageuka lugha. Wengi huokoka kwa kukariri.

Mazoea hayo huvuka bahari na wenyewe. Kiingereza cha kazini na dukani wanajumuiya wetu huku Uingereza wanakimudu. Kinachowakwamisha ni barua ya benki, ya mwenye nyumba, ya mwajiri. Nchini Uingereza, anayeandikiwa kwamba nafasi yake ni redundant ameambiwa kazi inakwisha. Sheria inampa haki ya notisi, na malipo pia ikiwa ameajiriwa hapo kwa miaka 2 au zaidi. Akilipita neno hilo kwa kubahatisha, haki yake inaweza kupita nalo.

Jarida hili halimshauri mtu ameze kamusi. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya maneno ya kitaaluma yenye koo 570, alizozipata kwa kuchambua maandishi ya sheria, biashara, sayansi na sanaa. Ni koo hasa: analyse huongozana na analysis, analyst na analytical. Mswahili kazi ya kujenga koo za maneno anaijua tangu utotoni, kwani katika soma alishapata somo, msomi, usomaji na somesha. Na baadhi ya maneno ya Kiingereza yana ndugu nyumbani kwetu. Tariff iliyo kwenye bili ya umeme ina asili moja na taarifa. Magazine ina asili moja na hazina. Yote chimbuko lake ni Kiarabu.

Kando ya ziwa hilohilo la Butimba, Julius Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akitoka nyumba iliyosema Kizanaki. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mfasiri hawezi kuliruka neno gumu. Lazima akae nalo mpaka limwelee.

Ndiyo maana tunaomba kila kikao cha jumuiya kitenge nusu saa. Mwenye barua ngumu ailete, majina yakiwa yamefutwa, isomwe mstari kwa mstari na kugeuzwa Kiswahili. Vijana waliozaliwa huku wakae hapo pia: Kiingereza cha barua watatusomea, na Kiswahili chake watakipata kwa wazee.