Mkono Mzito Huua Sauti

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimelikumbuka neno hili baada ya vijana wawili kuniuliza, katika wiki moja, wanunue santuri gani ya nyumbani. Wote wamerithi sahani za wazee wao, na wote walikwisha pendezwa na kisanturi cha mkoba kinachong'ara dukani.

Nami yalinifika hayo. Marehemu baba aliniachia sanduku: ndani mna sahani nzito za mwendo wa 78, na ndogo za 45 za Mzuri, zilizotolewa na Assanand hapa Mombasa. Nikanunua mashine rahisi, yenye mkono wa plastiki usiorekebishika. Haukupita mwaka, sahani niipendayo ikaanza kukwaruza. Kuifuta hakukufaa kitu. Mifereji yake ilikwisha lika. Mwimbaji mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Nani ataiimba tena?

Basi msomaji mpenzi, sikiliza. Katika santuri, usitazame mbao wala taa, tazama mkono. Mkono mwema una uzani nyuma yake, unaosogezwa mpaka sindano ikae juu ya sahani kwa gramu moja na nusu hadi mbili hivi, kama alivyoagiza mtengenezaji wa sindano. Vile vya mkoba hukandamiza kwa gramu tano na zaidi. Wala usidhani kupunguza mno ni huruma: sindano nyepesi kupita kiasi hurukaruka, na kila irukapo hujeruhi.

La pili ni mwendo. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na sahani za zama zile huzunguka mara 78 kwa dakika. Linn Sondek ya Scotland ina sifa kubwa na bei kubwa zaidi, lakini mwendo wa 78 haina. Technics SL-1200, iliyotoka Japani mwaka 1972, nayo haikuwa nao. SL-1200MK7 ya siku hizi inao, na kichwa cha mkono wake hufunguliwa ukabadili sindano. Hilo ni muhimu, kwani mfereji wa 78 ni mpana. Sindano ya sahani za 45 huzama chini kabisa ikaokota vumbi na kelele; na ile ya 78, ukiitia katika mfereji mwembamba wa 45, huuharibu. Na sahani za kale za sandarusi ya wadudu msizisafishe kwa spiriti, huziyeyusha.

Wako watakaosema: ya nini gharama, na nyimbo zimo simuni? Nasema, hata hiyo iliyomo simuni ilitolewa katika sahani ya mtu. Kama iliyonayo kwenu ni nakala ya mwisho, mkono mbaya ndio utakaoizika.

Sisemi mtu akope ajifakharishe kwa majirani; huo ni israfu. Nasema mwenye uwezo atangulize mkono na sindano, spika zifuate. Asiye na uwezo asubiri, sahani azisimamishe wima mahali pakavu, mbali na jua, kisha amwendee mwenye mashine njema, wazipige mara moja na kuzinakili. Chuoni tulifunzwa kwamba amana hurudishwa kwa wenyewe. Na wenyewe wa sauti hizi ni wajukuu wetu.