Mali Bila Daftari: Hisabati ya Vyuo Vyetu na Dhahabu ya Ukanda Wetu



Mwezi Mei 2017, kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma iliwasilisha ripoti yake kuhusu makontena 277 ya makinikia yaliyokuwa yamezuiwa kusafirishwa nje ya nchi. Kamati ilieleza kwamba kila tani ya makinikia hayo ilikuwa na wastani wa gramu 1,400 za dhahabu. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikiendesha migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama, ilisema kwamba kontena la kawaida la tani 20 huwa na takriban kilo 4 za dhahabu, yaani gramu 200 kwa tani.

Tufanye hesabu pamoja. Makontena 277 yenye tani 20 kila moja ni tani 5,540. Kwa kipimo cha kamati, humo mlikuwa na kilo 7,756 za dhahabu. Kwa kipimo cha kampuni, kilo 1,108. Tofauti inapita tani 6 na nusu za dhahabu, na hiyo ni shehena ya makontena yaliyozuiwa tu.

Taifa lilijadili suala hilo kwa hamaki iliyostahili uzito wake. Tuliulizana nani mzalendo na nani msaliti. Wachache waliuliza maswali ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili wa takwimu angepaswa kuyauliza kabla ya kumaliza chai yake. Ni makontena mangapi yaliyofunguliwa, na yalichaguliwa kwa utaratibu gani? Sampuli ilichotwa juu tu, au pia katikati na chini? Je, nusu ya kila sampuli ilihifadhiwa ili maabara nyingine ipime upya? Wastani uliotangazwa una kiwango gani cha makosa? Maswali hayo yanapaswa kuulizwa kwa kamati na kwa kampuni kwa ukali uleule, kwa kuwa vipimo viwili vinavyotofautiana mara saba haviwezi kuwa sahihi kwa pamoja. Mgogoro ulimalizwa kwa mazungumzo na Barrick: dola milioni 300 za Marekani, hisa 16% za Serikali, na kampuni ya ubia ya Twiga. Maelewano yana faida zake, lakini hayakututoa katika hali ya kulazimika kuamini namba za wengine.

Hoja yangu leo ni hii: shahada ya kwanza ya hisabati inayofundishwa katika nchi yenye ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga inapaswa kumfundisha kila mhitimu kupima na kukagua kisichoonekana chote, na kueleza kwa uaminifu ukubwa wa shaka iliyobaki.

Ukipitia orodha za kozi za hisabati katika vyuo vyetu vingi, utakutana na kalkulasi, aljebra, milinganyo, uchambuzi, na nadharia ya uwezekano. Ni kozi njema, na sitaki hata moja ifutwe. Tatizo ni kwamba takwimu hufundishwa kwa sarafu, karata na mipira ya rangi ndani ya mfuko, vitu ambavyo mtungaji wa swali ameshavihesabu. Mawe ya Rwamgasa hayajahesabiwa na mtu.

Mimi hufundisha mbinu za utafiti, na kila mwaka napata wanafunzi waliozaliwa Kahama, Geita na vijiji vya machimbo. Huwapa zoezi moja: chagueni viroba 10 kati ya viroba 200 vya mawe ya dhahabu ili mkadirie thamani ya vyote. Wengi huanza na vile vilivyo karibu na mlango. Wachache huchagua vyenye mawe yanayong'aa. Wote wamesoma uwezekano, na wengine wana alama za juu. Maarifa wanayo, ila hayajawahi kuombwa kutoka nje kwenda kufanya kazi.

Kazi ipo tele. Dhahabu haikutawanyika sawasawa ndani ya mwamba. Jiwe moja linaweza kubeba punje nzito na jirani yake likawa tupu. Kwa wachimbaji wadogo, mawe mara nyingi hugawanywa kwa viroba kabla ya kuchenjuliwa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la wachimbaji. Aliyepata kiroba kizuri na aliyepata kibovu huita jambo hilo bahati. Kwa sehemu kubwa ni suala la sampuli, na utaratibu mzuri wa kuchanganya mawe, kusaga na kupima kabla ya kugawana ungepunguza dhuluma nyingi ambazo leo husingiziwa nyota ya mtu.

Kuna waliotutangulia katika jambo hili. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, mhandisi Danie Krige aliona kwamba vipande vya mwamba vilivyokadiriwa kuwa tajiri sana kwa kutumia sampuli za pembeni mara nyingi vilitoa dhahabu pungufu ya makadirio, na vile vilivyodharauliwa vilitoa zaidi. Mwaka 1951 aliandika tasnifu ya uzamili kuhusu namna ya kurekebisha makadirio hayo kwa takwimu. Mfaransa Georges Matheron akaijengea kazi hiyo msingi wa nadharia, akaipa njia hiyo jina la Krige, na leo hutumika duniani kote katika madini, udongo, maji ya ardhini na hata uchafuzi wa hewa. Tawi zima la hisabati lilichimbwa pamoja na dhahabu. Kwetu, almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, na zaidi ya miaka 80 baadaye bado tunaagiza maarifa hayo yakiwa yamefungashwa ndani ya programu za kompyuta ambazo wachache wetu wanaweza kueleza zinafanya nini.

Najua pingamizi litakalokuja. Wenzangu wa idara za hisabati watasema kwamba hisabati safi haipaswi kugeuzwa mtumwa wa mgodi, na kwamba wahitimu wengi wanakwenda kufundisha sekondari, si kupima mawe. Hoja ya kwanza ninaiheshimu: bila uthibitisho hakuna hisabati, na mtu asiyejua kwa nini kanuni inafanya kazi hatajua inapokoma kufanya kazi. Ndiyo maana sipendekezi kupunguza nadharia. Hoja ya pili inaniunga mkono bila kujua. Kwa miaka mingi sasa, katika mtihani wa kidato cha nne, wanaoanguka Hisabati ni wengi kuliko wanaofaulu. Mwalimu wa Nyarugusu au Mwakitolyo anayeweza kugeuza kiroba cha mawe kuwa somo la wastani na uwiano ana silaha ambayo kitabu cha kiada hakimpi.

Wala jambo hili haliishii machimboni. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma kama asilimia ya mauzo ghafi. Kwa kiwango cha 0.3%, mgodi ukitaja mauzo ya shilingi bilioni 100, ushuru ni shilingi milioni 300, na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la saba ataifanya. Ugumu uko kwenye ile bilioni 100: imetoka wapi, na inalingana na tani zilizosagwa na kipimo cha dhahabu kilichotajwa? Ofisa mipango asiyeweza kufuatilia mnyororo huo anabaki kugonga mhuri.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kozi ya sampuli na makadirio iwe ya lazima kwa kila mwanafunzi wa shahada ya hisabati, wakiwemo wa ualimu. Pili, mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi hao yafike kwenye masoko ya madini yaliyofunguliwa tangu 2019, kwenye ofisi za mipango za halmashauri, na migodini. Tatu, kila mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho uwe na muhtasari wa Kiswahili ambao diwani na mwenye duara wanaweza kuusoma na kuupinga. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kusubiri jengo jipya.

Buzwagi iliyoanza kuzalisha mwaka 2009 imekwisha kufungwa. Bulyanhulu na Geita nazo zitafika mwisho wao, kwa kuwa dhahabu haioti tena. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Mwanafunzi unayesoma haya na bado hujachagua kozi zako za hiari za muhula ujao, ichague takwimu. Na chuo chako kikikupa mfano wa mipira ya rangi, omba mawe.