Gari linaoga, mchicha unakufa kwa kiu (Sehemu ya 4)

Mama wenzangu wa Dodoma, leo nagombana kidogo na baba zetu. Mvua ikishakatika, mpaka Desemba ni vumbi tu, na kila nyumba wimbo ni uleule: "Kiangazi hiki maji ya bustani yatoke wapi?" Jamani! Gari linaoshwa kila Jumamosi, maji yanatiririka mpaka barabarani.

Maji uliyooshea mchele na mboga unayamwaga ya nini? Peleka kwenye kiroba cha matembele. Mwagilia jioni, tandaza nyasi kavu juu udongo usikauke. Ya jiki na ya nepi hapana, tafadhali. Mchicha ndani ya mwezi unachuma.

Wodini tunaletewa watoto viganja vimepauka, wengine mpaka waongezewe damu. Malaria imo, sawa, minyoo imo. Lakini ukiuliza mtoto anakula nini, ni uji mtupu na chai. Na hela ya juisi ya chupa eti ya "kuongeza damu" ilipatikana! Mtoto akifika miezi 6 mpondee mboga za majani, kamulia limau kidogo ili chuma kiingie mwilini. Chai weka mbali na chakula. Mjamzito, vidonge vya kliniki unaendelea navyo, mchicha haufuti dozi.

Na wewe mwenye nyumba unayemkataza mpangaji kuweka viroba viwili ukutani eti vinachafua uwanja, kesho ni zamu yako.